Kutafuta Kasoro katika Mfumo wa Cheche wa Motokaa

Injini ya petroli inapokataa kuwaka, fundi asiye na utaratibu hubadilisha kifaa kimoja baada ya kingine mpaka abahatishe. Mwenye gari hupoteza fedha, na fundi hajifunzi lolote. Kasoro hutafutwa kwa kupima, wala si kwa kukisia. Mfano mzuri wa kufundishia ni motokaa za zamani zenye platini.

Mfumo wao una njia mbili za umeme. Ya kwanza ina betri ya volti 12, swichi, nyuzi nene za koili, platini na kondensa. Ya pili ina nyuzi nyembamba za koili, rota, kifuniko cha distribyuta, waya na plagi. Platini zinapoachana, mkondo katika njia ya kwanza hukatika ghafla na uga wa sumaku ndani ya koili hutoweka. Kwa kanuni aliyoigundua Faraday mwaka 1831, umeme huzuka katika nyuzi nyembamba. Kwa kuwa mizunguko yake huzidi ile ya nyuzi nene mara 100 hivi, hufikia volti 20,000 au zaidi. Injini ya silinda nne inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huhitaji cheche 100 kila sekunde.

Koili ndiyo mpaka wa njia hizo. Uchunguzi na uanzie hapo. Kwanza ihakikishwe kwamba gari halimo katika gia na hakuna petroli inayovuja. Waya mnene wa katikati huchomolewa kwenye distribyuta, ncha yake ikategemezwa kwa ubao mkavu milimita 6 kutoka chuma cha injini, bila kushikwa kwa mkono; kisha starta huzungushwa. Cheche ya buluu yenye nguvu ikiruka, koili na njia ya kwanza ni nzima, na kasoro iko mbele: kwenye rota, kifuniko, waya au plagi. Isiporuka, kasoro iko nyuma. Hivyo jaribio moja huondoa nusu ya mashaka.

Nyuma, swichi ikiwa imewashwa na platini zimeachana, ncha zote mbili ndogo za koili zapaswa kuonyesha volti 12. Ncha ya upande wa swichi ikikosa umeme, swichi au waya wake una hitilafu. Ikiwa nao, lakini ya upande wa platini haina, nyuzi nene zimekatika, au platini au kondensa imepiga shoti. Platini zikigusana, kipimo cha upande huo kishuke karibu na sifuri. Kisiposhuka, platini ni chafu. Vipimo hivi vyote vikiwa sawa, hushukiwa kondensa, nyuzi nyembamba, au waya mnene wenyewe.

Ikiwa silinda moja tu haifanyi kazi, plagi yake ibadilishane nafasi na ya jirani. Kasoro ikihama pamoja nayo, plagi ni mbovu. Isipohama, uchunguzwe waya wake na kifuniko.

Tahadhari: katika magari ya kisasa yanayoongozwa na kompyuta, waya zisichomolewe hivi, volti zake ni hatari zaidi, na vifaa vyake huweza kuungua.

Zoezi: Cheche ya koili ni ya buluu na yenye nguvu, lakini plagi zote nne hazipati umeme. Ni vifaa gani viwili vichunguzwe kwanza, na kwa nini?