Jani la mti limfundishe mtoto hatari ya moshi

Kila asubuhi watoto wengi wa Nairobi hupita kando ya barabara kama Jogoo na Thika wakienda shuleni. Wazazi huwaonya wajihadhari na magari, lakini ni wachache wanaowaonya kuhusu moshi wa magari hayo.

Mtoto huumia kuliko mtu mzima. Hupumua haraka zaidi, pua yake iko karibu na bomba la moshi, na mapafu yake yangali yanakua. Kenya iliacha petroli yenye madini ya risasi mwishoni mwa 2005, lakini moshi wa dizeli ungali na chembechembe nyembamba kuliko unywele. Hizo hupenya hadi ndani ya mapafu na huweza kuchochea pumu.

Mtoto wa miaka mitano hataelewa maneno hayo. Mwonyeshe hivi:

1. Siku ambayo mvua haijanyesha, chuma jani la mti ulio kando ya barabara kuu. Chuma jingine kutoka mti wa aina iyo hiyo ulio mbali na magari.

2. Mpe mtoto vipande viwili vya pamba nyeupe iliyoloweshwa. Apanguse kila jani kwa pamba yake, kisha alinganishe.

3. Mwulize: "Uchafu huu ulitoka wapi? Jani lisingeunasa, ungeingia wapi?"

4. Hakikisha amenawa mikono kwa sabuni.

Mweleze kwamba jani hunasa vumbi kama chandarua kinavyozuia mbu, kisha mvua huliosha. Majani yenye vinyweleo hunasa zaidi kuliko yaliyo laini. Ua uliosongamana kuanzia chini, kama wa kayaba, humkinga mtoto kuliko mti mrefu, kwani moshi hupita chini ya matawi.

Hata hivyo, usimwambie kwamba mimea humaliza moshi. Huupunguza tu. Mzoeze kutembea upande wa ndani wa ua, na asisimame nyuma ya matatu inayonguruma. Walimu nao wapande ua kati ya barabara na uwanja wa michezo, na wawaombe madereva wazime injini langoni.

Mtoto akikohoa mara kwa mara usiku, au kifua kikilia kama filimbi, usingoje. Mpeleke kliniki mara moja.