Ndege Isiyokuwapo: Jinsi ya Kuunda Il-202

Katika jarida hili tumezoea kusoma juu ya ngeli, methali na riwaya, na hilo ni jambo jema. Mimi leo nawaletea karakana. Wapo wanaodai ati Kiswahili kikifika kwenye injini na misumeno hukwama. Haya, na tujaribu. Somo langu ni namna ya kuchukua seti mbili za ndege ndogo za plastiki, kila moja ikiwa na upungufu wake, ukaunda ndege moja ambayo haikuwahi kuruka popote, lakini mjuzi wa ndege akiitazama aseme, "Hii ingeweza kuwa kweli."

Hapo kwenye "ingeweza" ndipo penye kazi. Kubandika bawa la hii kwenye tumbo la ile, hata mtoto wa nasari anaweza. Kujua ni kwa nini bawa hilo likae hapo ni jambo jingine.

Kwanza historia, maana bila historia utaunda kinyago. Muungano wa Kisovieti, uliovunjika mwaka wa 1991, ulipenda sana aina moja ya ndege iitwayo shturmovik, yaani ndege ya kushambulia ardhini. Huruka chini chini na kupiga vifaru na askari wa adui. Iliyovuma kuliko zote ni Il-2 ya mhandisi Sergei Ilyushin. Iliruka mara ya kwanza mwaka wa 1939 na zikaundwa zaidi ya 36,000. Mwanzoni rubani alikuwa peke yake. Ndege za adui zikawa zinamtandika kutoka nyuma, basi mwaka wa 1942 akaongezewa mwenzake wa kuketi akitazama mkiani na bunduki yake. Ilyushin hakulisahau somo hilo. Il-40 yake ya injini mbili za jeti, iliyoruka 1953, nayo ilikuwa na mtu wa nyuma. Ikafutwa 1956. Baadaye ikaja Su-25 ya kampuni ya Sukhoi, iliyoruka 1975, ya rubani mmoja, ndiyo jeshi likaichagua. Ilyushin wakajaribu tena na Il-102 mwaka wa 1982, bado wakimng'ang'ania yule mtu wa nyuma! Haikuchukuliwa.

Basi nikajiuliza: je, kama Il-40 isingefutwa? Kufikia miaka ya 1980 wangekuwa na ndege ya namna gani? Ndiyo hiyo nimeiita Il-202, na jina ni la kubuni kama yenyewe.

Maboksi yangu niliyanunua kwa muuza mitumba ya vitu vya watoto. Moja lilikuwa na Su-25 isiyo na mkia. La pili lilikuwa na Il-28, ndege ya kuangusha mabomu iliyoruka mara ya kwanza 1948, ambayo mabawa yake yalikuwa yamepotea lakini mkia mzima ulikuwapo, pamoja na kile chumba cha mpiga mizinga wa nyuma. Unaona jinsi upungufu ulivyonichagulia! Lilikuwapo na boksi la tatu, MiG-21, nzima kabisa. Nililiacha, na sababu yake ni hesabu.

Zile mbili za kwanza ni za kipimo cha 1/72, maana yake sentimita 1 ya modeli ni sentimita 72 za ndege ya kweli. Bawa la Su-25 kutoka ncha hadi ncha ni mita 14.36, gawanya kwa 72, utapata karibu sm 20. MiG ile ilikuwa 1/48. Rubani wa urefu wa sm 180 kwenye 1/72 ni sm 2.5, lakini kwenye 1/48 ni sm 3.75. Ukichukua kiti cha MiG ukakitia ndani ya Su-25, umemletea rubani kiti cha jitu. Jicho la mtazamaji halihesabu, lakini hung'amua.

Sasa kukata. Mkia wa Il-28 nilikuwa nao mmoja tu, na plastiki iliyokatwa haiungi kama mfupa. Kwa hivyo zungusha selotepu kwenye kiwiliwili pale unapotaka kukata. Ukingo wake ndio rula yako. Kisha kata milimita 2 nje ya mstari, usikate juu yake. Msumeno wa chuma hula karibu milimita nzima, na milimita moja hapo ni zaidi ya sm 7 za ndege! Hizo mbili za akiba utazimaliza polepole kwa msasa uliobandikwa juu ya kibao kilichonyooka.

Tatizo ni kwamba mkia wa Il-28 ni duara, na kiwiliwili cha Su-25 pale katikati ya injini zake hakifanani na duara. Nilikata vibao viwili kutoka kwa ile kadi ngumu inayoshikilia laini ya simu, kimoja cha umbo la huku na kimoja la kule, nikavitenga kwa vijiti vya fremu ya seti. Pengo linalobaki hujazwa kwa puti ya mafundi wanaonyoosha bodi za magari, tabaka nyembamba nyembamba. Na hapa mniruhusu nionye kuhusu gundi. Gundi ya modeli haishiki kwa kunata. Huyeyusha plastiki mbili zikawa moja. Ndiyo maana haifanyi kitu kwenye kipande cha mkebe wa aiskrimu, ambao kwa kawaida ni plastiki ya jamii nyingine. Ile kadi ya simu nayo inataka supaglu. Fungua dirisha.

Turudi kwenye "ingeweza". Mtu wa nyuma ana uzito, ana mizinga, na lazima akingwe kwa mabamba ya chuma. Uzito wote huo uko mkiani. Wenye kusoma Fizikia wanakumbuka kanuni ya momenti: uzito mara umbali. Gramu 16 zilizo sm 5 nyuma ya magurudumu makuu zinahitaji gramu 10 zilizo sm 8 mbele yake, la sivyo ndege itaketi kwa makalio. Modeli nyingi hutiwa nati puani na mambo yanaisha. Lakini ndege ya kweli haibebi nati za bure. Kwa hivyo niliongeza pete ya sm 1 nyuma ya chumba cha rubani, yaani sm 72 za kweli, nafasi ya mafuta, ili pua isogee mbele. Nati niliweka pia, lakini chache.

Mzinga nao una adabu yake. Il-40 ilipojaribiwa, moshi wa mizinga ya puani uliingia kwenye matundu ya kuvutia hewa, injini zikakabwa. Wakayarefusha matundu hadi puani kabisa, ndege ikawa na uso kama bunduki ya mitutu miwili. Mimi nimeuacha mzinga chini ya tumbo upande wa kushoto, palepale Su-25 ilipouweka.

Kabla ya rangi kamili, paka kijivu kitupu. Kijivu hakina huruma. Kila ufa utaonekana. Halafu juu kijani na hudhurungi, chini samawati hafifu, na masizi ya penseli nyuma ya injini.

Nilipokuwa nikipaka masizi hayo, mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili, mzaliwa wa Goma, alisimama akatazama. Su-25 anazijua, kwa kuwa jeshi la Kongo linazo. Tarehe 24 Januari 2023 moja ilipigwa kombora kutoka upande wa Rwanda ikatua Goma ikiwaka moto. Rwanda ikasema ndege hiyo ilivuka mpaka, Kongo ikakana. Aliniambia kwao mlio huo ukisikika, mama huhesabu watoto kwanza. Kisha akaniuliza mabomu nitayatundika wapi. Bawa lina vishikio vitano kila upande. Viwili nimevitundikia matangi ya mafuta. Vile vinane nimeviacha vitupu, na yeye ndiye aliyepaka nyota ya bawa la kulia.

Il-202 sasa iko kwenye kabati la Chama, lakini gurudumu lake la pua ni la udongo, kwa vile la plastiki halikuwamo. Mwenye boksi lolote la 1/72 lililovunjika, hata likiwa na magurudumu peke yake, na anitafute saa ya mapumziko.