Mkanda wa Jeshi Usoni: Fanya Hili, Acha Lile

Malengelenge yamekauka, kovu limebaki kwenye paji la uso, miezi 3 imepita, na bado upepo ukigusa shavu unaruka kama umepigwa shoti. Mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu, huo ni mshipa wa fahamu ulioumizwa na kirusi cha tetekuwanga, kilicholala mwilini tangu ulipougua ugonjwa huo.

USING'OE jino. Wapo waliong'oa gego zima na maumivu yakabaki palepale.

USICHANJWE chale, usipake majivu, dawa ya meno wala pilipili (pilipili, karibu na jicho!). Hujalogwa. Mchawi gani hupima uso kwa rula akaishia katikati ya pua? Kirusi hufuata mshipa wa upande mmoja, basi.

USITAFUNE diklofenaki kila siku kama karanga. Maumivu haya hayaisikii. Tumbo na figo ndivyo vitakavyoisikia.

NENDA kituo cha afya, uulizie amitriptilini. Huanzwa kidogo, miligramu 10 au 25, usiku. Usiitupe kwa kuambiwa ni dawa ya vichaa, wala usiiache siku ya tatu: inahitaji wiki kadhaa. Mdomo utakauka, vumilia. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha ya jicho au shida ya kukojoa aseme kabla hajaandikiwa. Usichanganye na gongo. Na asubuhi ukiamka bado unapepesuka, USISHUKE duarani, hata msimamizi akinuna.

PIMA VVU, hasa ukiwa kijana. Mkanda wa jeshi hupenya pale kinga iliposhuka. Kama tayari unatumia ARV zenye dolutegravir, usikubali kabamazepini, dawa nyingine ya maumivu ya mishipa, kabla watu wa kliniki yako ya CTC hawajajua. Hupunguza nguvu ya dolutegravir.

Zebaki haileti mkanda wa jeshi, lakini nayo hula mishipa ya fahamu. USIICHOMEE ndani unakolala.

Na wewe ambaye malengelenge yametoka jana: asaiklovia ianzwe ndani ya saa 72, ndipo inapofaa zaidi. Yakitokea kwenye ncha ya pua, au jicho likiwa jekundu, muone daktari wa macho siku hiyohiyo, Geita mjini au Bugando, Mwanza. Usingoje mawe yako yasagwe karashani ndipo uondoke.