Mwezi wa Samuel Palmer na Vibarua wa Kent

Muhula uliopita nilisimama mbele ya darasa kueleza picha moja ya rangi za maji, nikasema kwa kujiamini kabisa kwamba inaonyesha amani ya mkulima. Jamaa mmoja wa historia akauliza, "Ya mwaka gani hiyo?" Nikajibu, kama 1830 hivi. Akacheka. Ikabidi nirudi maktaba.

Picha yenyewe ni ya Mwingereza Samuel Palmer, ipo British Museum. Ni ndogo, kama sentimita 20 kwa 30. Mwezi mwandamo mkubwa kupita kiasi, nyota ya jioni kando yake, miganda ya ngano, na katikati mtu mmoja na mbwa wake, fimbo mkononi. Kwa kawaida mchoraji wa rangi za maji huacha weupe wa karatasi ndio uwe mwanga. Palmer hakuridhika na hilo. Aliongeza rangi nzito isiyopenyeza mwanga na wino wa kahawia, hadi usiku ukawa mzito kama uji.

Sasa, kicheko cha yule jamaa. Palmer alikuwa mtu wa London aliyehamia kijiji cha Shoreham, Kent, akiwa kijana mwenye fedha za urithi. Shamba hakulilima. Na Agosti 1830, mashariki ya Kent hiyohiyo, vibarua walianza kuvunja mashine za kupura nafaka. Kupura kwa mikono ndiko kulikowapa kazi wakati wa baridi. Mashine ikija, njaa inaingia nyumbani. Ghasia zilienea wilaya nyingi za Uingereza, mirundo ya nafaka ikachomwa moto. Watu 19 walinyongwa, mamia wakasafirishwa kwa nguvu hadi Australia.

Palmer hakuwa upande wao. Mwaka 1832 aliandika kijitabu cha kuwahimiza wapiga kura wa West Kent wawachague Watory.

Je, picha ni uongo? Mimi nasema hapana, ila ni ombi. Palmer alichora kijiji alichotaka kibaki vile, na angalia alichokiondoa: miganda imefungwa vizuri, lakini waliovuna hawapo hata mmoja.

Maksi zangu hazikubadilika. Jamaa wa historia mpaka leo ananiita "mtu wa amani".