Paka Garini Wakati wa Joto

Wengi wetu tunafuga paka ili panya wasimalize mahindi na mtama ghalani. Tukimleta Lobule kwa gari kutoka Arua au Koboko, mara nyingi tunamfunga ndani ya gunia. Tujifunze hatari yake.

Kwanza: gari lililofungwa juani hupata joto upesi. Nje kukiwa na digrii 30, ndani hufika karibu 40 kwa dakika 10, na karibu 50 kwa nusu saa. Kufungua dirisha kidogo hakusaidii sana.

Pili: paka hatoki jasho mwili mzima kama sisi, ila kwenye nyayo tu. Hofu nayo humzidishia joto. Akihema mdomo wazi, akitokwa na udenda au akilegea, yumo hatarini.

Tatu: tumweke kivulini, tumloweshe kwa maji ya kawaida, tumpepee, tumpe maji bila kumlazimisha, kisha tumpeleke kwa daktari wa mifugo.

Basi tumsafirishe alfajiri, ndani ya kikapu kinachopitisha hewa. Tukisimama sokoni, tusimwache garini. Na mtoto vilevile asiachwe kamwe. Paka akifa njiani, chakula chetu tumewaachia panya.