Usimnunue kwa Huruma: Maswali na Majibu kuhusu Sokwe na Kima Wanaouzwa Mjini

Ruashi, mtaa wa Lubumbashi nchini Congo (DRC), iko njiani. Uwanja wa ndege wa Luano hauko mbali, na mpaka wa Kasumbalesa ni safari ya saa chache tu. Vinavyoshuka kutoka kaskazini kwa reli au kwa lori, pamoja na vile visivyo na karatasi, hupitia Lubumbashi. Wanyama hai ni sehemu ya mzigo huo. Maswali yaliyo hapa chini ni yale ambayo watu wa mtaa humuuliza daktari wa wanyama, naye ameyajibu moja baada ya jingine.

Dokta, jirani yangu ameletewa mtoto wa sokwe. Kamfunga kamba kiunoni, anamlisha mkate na chai, na sasa anamuuza. Nina akiba kidogo. Nimnunue nimpeleke kwa wanaotunza?

Hapana, mama. Jibu hilo ni chungu, hasa kama umeshamwona mtoto mwenyewe kwa macho yako. Lakini muuzaji hatajua kwamba umemwokoa. Atakachojua ni kwamba Ruashi kuna mtu anayelipa, na habari hiyo itarudi hadi kwa mwenye bunduki.

Fikiria jinsi mtoto huyo alivyopatikana. Sokwe jike huzaa takriban mara moja kila miaka mitano. Mtoto hunyonya mpaka anapofikia miaka minne au mitano, na muda mwingi wa utoto wake yuko tumboni au mgongoni mwa mama. Mama hamwachi, na wakubwa wa kundi humtetea. Kwa hiyo mwindaji anayetaka mtoto mmoja mzima lazima amuue mama, na mara nyingi huua na wengine waliokuja kusaidia. Nyama inauzwa kwanza, mtoto anauzwa baadaye. Wengi hufia njiani, ndani ya gunia au kasha, kwa kiu au kwa jeraha la risasi iliyompitia mama. Huyo aliyefika kwa jirani yako ndiye aliyebaki hai.

Mwaka 2013 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti kuhusu biashara hii. Ilikadiria kwamba kati ya 2005 na 2011 nyani wakubwa wasiopungua 22,218 walipotea porini kwa sababu yake, na karibu theluthi mbili yao walikuwa sokwe. Hesabu hiyo inajumuisha waliouawa ili watoto wao wakamatwe. Ukilipa leo unaingia kwenye hesabu hiyo, hata kama nia yako ni njema.

Basi anyang'anywe bure? Naye jirani ametoa pesa yake.

Ndiyo, bure. Aliyenunua simu ya wizi harudishiwi pesa na mwenye simu. Sokwe analindwa na sheria ya uwindaji ya Mei 1982 na sheria ya uhifadhi wa mazingira ya Februari 2014, na nchi yetu imo katika mkataba wa CITES, unaokataza kumuuza nje ya mpaka kwa biashara. Hakuna karatasi halali inayomfanya kuwa mali ya nyumba yako. Ukionyeshwa cheti chenye mihuri, usikiamini. Huko Guinea, miaka ya karibu na 2010, sokwe wengi walisafirishwa hadi China kwa vyeti vilivyodai kwamba wamezaliwa vizimbani. Nchini humo hakukuwa na mahali popote pa kuwazalisha.

Hao wanaotunza ni akina nani? Nasikia wako ndani ya bustani ya wanyama.

Ni JACK, kifupi cha jina la Kifaransa *Jeunes Animaux Confisqués au Katanga*, yaani wanyama wachanga waliokamatwa Katanga. Kituo kilianzishwa mwaka 2006 na Franck na Roxane Chantereau, mke na mume wanaoishi Lubumbashi. Kiko katika eneo la bustani ya wanyama ya mji, kinafanya kazi pamoja na serikali na ICCN, taasisi ya taifa ya uhifadhi wa mazingira, na ni mwanachama wa PASA, umoja wa vituo vya kulelea nyani vya Afrika.

Kabla ya hapo, mnyama aliyekamatwa huku alikuwa na bahati zaidi akivuka mpaka. Upande wa Zambia, karibu na Chingola, David na Sheila Siddle walikuwa na shamba la ng'ombe kando ya mto Kafue. Mwaka 1983 askari wa wanyamapori aliwaletea mtoto wa sokwe mwenye majeraha, aliyekamatwa kwa majangili waliotoka Zaire. Wakamwita Pal. Walimuuguza akapona, wengine wakaletwa, na shamba likageuka kuwa Chimfunshi, moja ya hifadhi kubwa za sokwe duniani. Sisi wa upande huu tulikaa zaidi ya miaka 20 tukiwategemea majirani kuwalea yatima waliotoka kwetu.

Ni kweli kwamba watu waliiba sokwe wakadai fidia kama wanavyodai kwa binadamu?

Kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Septemba 2022, watu waliingia JACK wakachukua watoto watatu: Monga, César na Hussein. Walikuwa wamefika kituoni muda mfupi kabla. Baadaye Roxane alitumiwa ujumbe kwenye simu pamoja na picha za video za watoto hao, na watekaji wakadai pesa nyingi. Walitishia pia familia yenyewe.

Chantereau walikataa kulipa. Baadhi ya watu mjini waliona ni ukatili: kwa nini wawaache watoto mikononi mwa wezi kama pesa inaweza kuchangwa? Mimi nilikuwa upande wa Chantereau, na bado niko. Wakati huo kituo kilikuwa na sokwe wapatao 40 na kima zaidi ya 60. Anayelipia watatu ametangaza bei ya wote waliobaki, na wa vituo vingine vya Afrika pia. Ndilo jibu nililokupa wewe, mama, ila wao waliombwa kulisema wakiwa wanaona video za watoto waliowanywesha maziwa kwa chupa.

Na haukuwa msiba wa kwanza. Mwaka ule ule wa 2006 mtu aliwasha moto mahali walipolala sokwe wachanga, na baadhi yao wakafa. Mwaka 2013 jengo la kufundishia wageni nalo lilichomwa.

Mnyama akifika kituoni anafanyiwa nini?

Kwanza anatengwa. Karantini huchukua miezi kama mitatu. Anapimwa kifua kikuu, homa ya ini na minyoo, na majeraha ya kamba yanasafishwa. Kamba ya kiunoni ni mbaya kuliko inavyoonekana, kwa sababu mtoto anakua na kamba haikui. Nimewahi kuona ngozi imeota juu yake hata ikabidi kukata nyama ili kuitoa.

Chakula huja taratibu. Mtu mwenye huruma humpa ndizi kumi kwa mpigo, na mnyama aliyekonda sana anaweza kufa kwa shibe hiyo, maana mwili uliozoea njaa hauwezi kupokea wingi ghafla. Chumvi za damu huvurugika na moyo husimama. Anapewa maziwa ya watoto, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku.

Lakini dawa kubwa kwa mtoto wa sokwe ni mtu wa kumshika. Kituo humpa mlezi, mara nyingi mwanamke, anayekaa naye kutwa na kumbeba. Mtoto aliyemwona mama yake akifa hujikumbatia, hutikisika mbele na nyuma, hung'oa nywele zake mwenyewe. Wapo wanaokataa chupa mpaka wanakufa bila ugonjwa wowote ninaoweza kuuandika kwenye karatasi. Akianza kucheza, hutambulishwa kwa mwenzake mmoja, halafu wa pili, na mwisho huingizwa kundini. Kundi halikubali mgeni kwa siku moja. Kuna kung'atana, kuna kurudi nyuma na kuanza upya.

Jambo linalowashangaza wengi: majike kituoni hupewa dawa ya uzazi wa mpango. Kila mtoto anayezaliwa humo ni nafasi anayokosa yatima wa kesho, na nafasi ni chache.

Watoto wangu wamemzoea, analala nao. Kwa nini asikae tu nyumbani? Tutamlea vizuri.

Leo ana kilo tano. Akifika miaka sita au saba atakuwa na nguvu za kuvunja mlango, na hataomba ruhusa. Anaweza kuishi zaidi ya miaka 50. Nani atamtunza wakati watoto wako wameoa na kuolewa? Kila sokwe wa nyumbani huishia mnyororoni, kizimbani au risasini. Sijui njia ya nne.

Halafu kuna magonjwa, nayo huenda pande zote mbili. Mafua ya mwanao yanaweza kumuua sokwe. Surua na kifua kikuu pia. Naye anaweza kukuletea ya kwake. Mpox iligunduliwa kwanza kwa kima wa maabara mwaka 1958, na binadamu wa kwanza kujulikana kuugua alikuwa mtoto mchanga wa nchi yetu hii, mwaka 1970. Mtoto anayelala kitanda kimoja na mnyama aliyetoka porini wiki iliyopita akiugua, mimi simuoneshi kidole mnyama, namuuliza mzazi.

Na kima mdogo tu, yule mwenye mkia? Wengi mtaani wanao.

Ni yale yale. Ni mdogo, lakini meno yake ni marefu, na akibalehe atamng'ata anayemlisha. Usimfungue ukamwacha kwenye msitu wa miombo pembeni ya mji ukidhani umempa uhuru. Hajui kutafuta chakula, hana kundi, atarudi kwenye nyumba za watu na atauawa kwa mawe.

Kwa nini wasirudishwe msituni wote, mambo yaishe?

Imefanyika, ila si rahisi. Huko Congo-Brazzaville, katika hifadhi ya Conkouati, sokwe 37 waliachiwa kati ya 1996 na 2001, na watu waliwafuata msituni kwa miaka kuwaangalia. Kwetu, Claudine André wa kituo cha Lola ya Bonobo, Kinshasa, na wenzake walianza kuwarudisha msituni bonobo, ndugu wa karibu wa sokwe, katika mkoa wa Équateur mwaka 2009. Unahitaji msitu wenye chakula, usio na sokwe wa asili watakaowaua wageni, na wanakijiji waliokubali kutowinda. Sharti la tatu ndilo gumu zaidi, na haliwezi kutimizwa na daktari. Sokwe wengi wa vituo watazeekea humo. Watu wanaochangia pesa za chakula hawapendi kusikia hivyo.

Umezungumzia nyani tu. Mimi nimeona farasi aliyekonda hadi mbavu zinahesabika. Naye anatunzwa wapi?

Farasi Katanga ni wachache, kwa sababu mbung'o na homa ya farasi haviwapi nafasi. Walioko ni wa kupanda kwa starehe. Tofauti yake na sokwe ni kubwa: farasi ni mnyama wa kufugwa, kwa hiyo anaweza kupewa mmiliki mpya na akaishi vizuri. Zungumza na mwenye farasi kwanza. Mara nyingi si ukatili. Ni meno yaliyochongoka asiweze kutafuna, au minyoo, na hayo yanatibika. Akichukuliwa, alishwe nyasi kavu kidogo kidogo mchana na usiku, bila nafaka mwanzoni. Hapa huruma ya ndoo ya mahindi inaua.

Kwa punda, mfano wetu uko Lamu, kisiwa cha Kenya. Tangu 1987 kituo alichokianzisha Mwingereza Elisabeth Svendsen kinawatibu punda wa kisiwa bila malipo, wakiwa bado mikononi mwa wenyewe. Mwenye punda halipwi wala hanyang'anywi. Anafundishwa kuosha kidonda na kupunguza mzigo. Kenya bara hali ilikuwa nyingine: kuanzia 2016 machinjio yaliruhusiwa kuchinja punda kwa ajili ya ngozi zinazouzwa China, na wizi wa punda ukafuata. Februari 2024 Umoja wa Afrika ulikubaliana kupiga marufuku biashara hiyo. Popote pale, bei ya mnyama aliyeibwa ikipanda, wezi huongezeka.

Basi leo hii, nikiondoka hapa, nifanye nini?

Usimwambie jirani kwamba utanunua, hata kwa hila ya kumchelewesha. Kumbuka nyumba, siku, na jinsi mnyama alivyo. Usimpige picha ukaituma kwenye vikundi vya simu, maana picha ya mtoto wa sokwe aliyevishwa nguo ni tangazo la biashara, hata ukiandika chini yake maneno ya kulaani. Nenda ICCN, au nenda mwenyewe mlangoni pa JACK, ueleze. Ukiogopa kutajwa jina, sema hivyo mwanzo kabisa.

Na kama mnyama yuko kwako, mama, kama ndiye unayemuulizia tangu swali la kwanza, mpe maji safi, legeza kamba, mweke mbali na watoto wanaokohoa, na mpeleke kesho asubuhi.