Kikapu cha Kigiriki katika shamba la kahawa

SWALI: Kibao cha kitalu cha miche kimeandikwa Coffea canephora. Hiyo ni lugha gani? – Msomaji, Muleba

JIBU: Ni mchanganyiko. Coffea ni “qahwa” ya Kiarabu iliyovishwa kanzu ya Kilatini. Canephora ni Kigiriki, mbeba kikapu: katika Athens ya kale, wasichana waliobeba vikapu vya sadaka kichwani kwenye maandamano ya sherehe waliitwa hivyo. Kahawa hiyo ndiyo robusta yenyewe, yaani “imara” kwa Kilatini. Wahaya walikuwa wakiitafuna na kuwakirimu wageni nayo muda mrefu kabla wataalamu wa Ulaya hawajaibatiza mwaka 1897.

Jina la kisayansi la mti wa mhumula nalo lina siasa ndani yake. Katika Maesopsis eminii, “opsis” ni mwonekano kwa Kigiriki: mti unaofanana na mimea ya jenasi ya Maesa. Eminii ni “wa Emin”, yaani Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyeanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890. Wenyeji waliokuwa wakiujua mti huo hawakuulizwa.

Jina la mti wa omushambya, Markhamia lutea, halifichi kitu: lutea ni njano, na maua ya mti huo ni ya njano kweli.

Jina la pili likiishia kwa -ii, aghalabu limetoka kwa mwanamume fulani. Likiishia kwa -ensis, limetoka mahali.